Wiki 8 za kujifunza kusoma picha, na kamusi moja iliyonikera

Kazi yangu ni kusahihisha miswada. Siku nzima natafuta nukta iliyoanguka, herufi iliyoruka, neno lililorudiwa, na kwa miaka mingi niliamini jicho hilo halina kazi nyingine nje ya maandishi. Ndiyo maana nilipokutana na kozi ya mtandaoni ya wiki 8 inayomfundisha mtu asiye msanii namna ya kusoma picha za wachoraji, nilijiandikisha siku ileile. Nimeimaliza wiki iliyopita. Naandika kwa urefu kwa sababu kabla sijajiunga nilitafuta tathmini ya Kiswahili ya kozi ya aina hii nikakosa, na nilizozipata kwa lugha nyingine ziliishia kusema ni nzuri au haifai bila kueleza kilichomo ndani.

Kilichomo ni hiki. Kila wiki ina mihadhara mitatu ya video ya kama dakika 25, zoezi moja la kutazama, na jaribio la maswali 10 ya kuchagua jibu. Juu ya hayo unapewa kijitabu cha kupakua wanachokiita kamusi ya ishara. Nitakirudia, maana nina ugomvi nacho. Wiki tatu za mwanzo zinahusu ishara, tatu zinazofuata mtindo, mbili za mwisho mada. Mwalimu ni mama mmoja wa sauti ya taratibu, na ana tabia niliyoipenda tangu somo la kwanza: akishaweka picha mbele yako ananyamaza. Anakuachia nusu dakika nzima uitazame kabla hajatia neno.

Somo la kwanza lilikuwa la picha za Uholanzi za karne ya 17, zile za meza iliyowekwa fuvu la kichwa, mshumaa uliozimika na moshi wake bado unapanda, saa, kitabu kilichochakaa, ua lililoanza kulegea shingo. Jina lake la Kilatini, vanitas, linatoka katika kitabu cha Mhubiri, yale maneno tunayoyajua kwa Kiswahili kama ubatili mtupu. Hadi hapo hakuna jipya. Kila anayefundisha sanaa huanzia kwenye fuvu. Kilichonigutusha ni swali la mwalimu baada ya hapo. Alivuta picha karibu hadi ikabaki bilauri peke yake, dirisha la chumba likimeremeta tumboni mwake, akauliza: kama mchoraji huyu anataka tudharau vitu vya dunia, mbona amevichora vitamu hivi? Fuvu linasema achana navyo, rangi inasema hebu shika. Picha ina sauti mbili zinazovutana, na anayetafsiri fuvu peke yake amesikia moja tu. Nililiandika swali hilo kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza yangu, na kwangu mimi kozi nzima imesimama juu yake. Ilipolikumbuka ilipaa, ilipolisahau ilianguka.

Wiki ya 2 ilikuwa ya Hans Holbein na picha yake ya mabalozi wawili, ya mwaka 1533, iliyopo National Gallery ya London. Picha ni kubwa, zaidi ya mita 2 kwenda juu na zaidi ya mita 2 kwa upana. Wanaume wawili vijana wamesimama, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule wa kabati lililojaa vyombo vya elimu: tufe la nyota, tufe la dunia, vipimo vya jua, kitabu cha hesabu, kinanda cha nyuzi. Chini, kati ya miguu yao, kuna kitu kirefu cha kijivu kilicholala mshazari kama doa. Ukisimama mbele ya picha hukielewi. Ukisogea pembeni kabisa kikajikunja machoni pako, kinakuwa fuvu.

Mwalimu alilieleza vizuri sana jambo hili la mwili kusogea. Fuvu la somo la kwanza linaonwa na yeyote aliyekaa mbele yake. Hili la Holbein linakudai uondoke mahali pako, na ukishaliona, wale mabalozi na mavazi yao ya manyoya wamepotea umbo. Huwezi kuwaona wao na kifo sawasawa kwa wakati mmoja. Ishara ni ileile, fuvu, lakini namna lilivyochorwa imebadilisha linachosema. Halafu akatuonyesha pembe ya juu kushoto, ambako nyuma ya pazia la kijani umechungulia msalaba wenye mwili wa Kristo, nusu tu. Na kwenye kile kinanda uzi mmoja umekatika.

Hapa nina lalamiko la kwanza. Uzi ule sikuuona. Zoezi la wiki hiyo lilitutaka tuvute picha na kuhesabu vitu vidogo kwenye kabati, lakini picha waliyoiweka ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiivuta inageuka miraba ya rangi. Nikaenda kuitafuta kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, na huko uzi upo, umejikunja kama unywele. Kozi inayofundisha kutazama haiwezi kutoa picha zisizotazamika. Niliandika kueleza tatizo, nikajibiwa kwa heshima kwamba litashughulikiwa. Nilipomaliza wiki ya 8 nilirudi kuangalia. Picha ilikuwa ileile.

Wiki ya 3 ndiyo iliyonikera, na nitakaa hapo kidogo.

Somo lilikuwa la picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, mwanamume na mwanamke wameshikana mikono ndani ya chumba. Ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, sentimita 82 kwa 60, na kila sentimita ina jambo. Taa ya shaba ina mshumaa mmoja tu unaowaka, ingawa kweupe dirishani. Machungwa kando ya dirisha. Viatu vya mbao vimevuliwa. Kioo cha mviringo nyuma yao kinaonyesha migongo yao na watu wengine wawili wakiingia mlangoni, na kwenye fremu ya kioo kuna vitufe 10, kila kimoja kimechorwa tukio la mateso ya Kristo, vidogo hata unashangaa brashi ilikuwa na nywele ngapi. Juu ya kioo mchoraji ameandika kwa mwandiko wa madaha kwamba Johannes de Eyck alikuwa hapa. Mguuni pao kuna kijibwa chenye manyoya marefu, kinakutazama wewe.

Kamusi ya ishara inasema: mbwa, uaminifu wa ndoa. Mshumaa, jicho la Mungu. Viatu vilivyovuliwa, mahali patakatifu. Imeandika kama vile mtu anavyoandika maana ya neno, nukta, imekwisha. Kumbe tafsiri hiyo ina mwenyewe na ina tarehe. Mwaka 1934 mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky aliandika kwamba picha hii ni kama hati ya ndoa na kwamba vitu vya kawaida chumbani vimeficha ishara. Ni hoja nzuri, imesomwa sana, na wataalamu waliofuata wameipinga vilevile kwa nguvu; wapo wanaoiona kama picha ya wanandoa matajiri na mali yao, na gauni lile linaloshikwa kwa mbele, ambalo wengi hudhani ni mimba, ni mtindo wa mavazi wa wakati ule. Uchunguzi wa miale ya infraredi umeonyesha kwamba chini ya mbwa hakuna mchoro wa awali. Van Eyck alimwongeza wakati kazi ikiendelea. Sisemi hilo linafuta uaminifu. Nasema ni jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kuambiwa kabla hajaambiwa maana.

Jaribio la wiki hiyo likauliza: mbwa katika picha hii anamaanisha nini? Majibu manne, moja likiwa kwamba haiwezi kusemwa kwa uhakika. Nikachagua hilo. Nikapigwa kosa.

Niliumia, nakiri, na sikuumia kwa sababu ya alama. Kazini kwangu najua madhara ya mtu kusahihisha sentensi kwa kamusi peke yake. Neno moja katika mdomo wa mama anayembembeleza mtoto si neno lilelile katika mdomo wa hakimu. Mbwa ni hivyohivyo. Titian mwaka 1538 alimchora mwanamke uchi amejinyoosha kitandani na kijibwa kimelala miguuni pake, tulivu kabisa. Édouard Manet alipochora Olympia mwaka 1863, mwanamke amejinyoosha vilevile, alimwondoa mbwa akaweka paka mweusi aliyekunja mgongo. Watu wa Paris walipoiona mwaka 1865 walikasirika. Paka yule hana ukurasa katika kamusi yoyote. Maana yake inatokana na pengo aliloliacha mbwa wa Titian. Na katika picha ya Diego Velázquez ya mwaka 1656, ile ya binti wa mfalme na wahudumu wake, mbwa mkubwa amelala mbele kabisa na mhudumu mmoja mwenye umbo dogo amemkanyaga mgongoni kwa mguu mmoja, wala hashtuki. Nikamwandikia msaidizi wa kozi mambo haya yote. Jibu lilikuwa kwamba jaribio linafuata kijitabu.

Kinachosikitisha ni kwamba mwalimu mwenyewe hayuko hivyo. Mhadhara wa tatu wa wiki ileile, ambao ni kama umerekodiwa na mtu asiyekijua hicho kijitabu, unahusu picha ya Frida Kahlo ya mwaka 1939, Frida wawili wamekaa pamoja wameshikana mikono chini ya anga la mawingu mazito. Mioyo yao iko nje, na ni mioyo ya nyama, yenye mirija, ya kitabu cha daktari. Mshipa mmoja unaiunganisha. Frida wa kulia ameshika kijipicha cha Diego Rivera alipokuwa mtoto; wa kushoto ameshika kibanio cha upasuaji amebana mwisho wa mshipa, na bado damu inadondoka kwenye gauni jeupe. Mwalimu alisema: msiseme moyo ni upendo, mkaondoka. Mwanamke huyu alivunjika mwili katika ajali ya basi mwaka 1925 akafanyiwa upasuaji mara nyingi maishani, na mwaka aliochora picha hii ndoa yake na Rivera ilivunjika. Moyo huu umetoka hospitali kabla ya kutoka kwenye mashairi. Kisha akatuvuta hadi chini ya gauni, ambako matone ya damu yameangukia karibu na maua mekundu yaliyotariziwa, na ukitazama haraka unashindwa kujua lipi tone na lipi ua. Nilisimamisha video pale nikatazama mpaka chai yangu ikapoa. Kwa mhadhara huo peke yake singerudisha kozi hii.

Wiki za mtindo, ya 4 hadi ya 6, ndizo bora. Vincent van Gogh na wala viazi wake wa mwaka 1885: watu watano chini ya taa, rangi ya udongo kila mahali, mikono mikubwa yenye vifundo. Mtu angesema hakujua kuchora mikono. Mwalimu alitueleza kuhusu barua aliyomwandikia ndugu yake Theo, akisema alitaka ionekane kwamba mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo hiyohiyo iliyochimba ardhi, na kwamba rangi ya ngozi aliifanya iwe kama ya kiazi chenye vumbi ambacho hakijamenywa. Hebu fikiria uamuzi huo. Hakuna ishara ya kutafsiri pale mezani. Kiazi ni kiazi. Maana yote imeingia kwa njia ya rangi na kwa njia ya vifundo vya vidole. Angewachora kwa ngozi laini na mwanga wa dhahabu, tungepata picha ya watu maskini wanaopendeza, na pengine ingemletea wanunuzi, lakini wangekuwa watu wengine kabisa.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Francisco Goya na mauaji ya tarehe 3 Mei 1808, watu wa Madrid wakipigwa risasi na askari wa Napoleon, picha aliyoichora mwaka 1814. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuiona. Askari wote wametupa mgongo; hakuna uso hata mmoja, ni mstari wa makoti na bunduki zilizonyooka. Mbele yao mtu wa shati jeupe amepiga magoti, mikono juu, na ukimpima utaona kwamba angesimama angewazidi wote urefu. Taa iko chini, kati ya wauaji na wauawa, na mwanga wake wote umekwenda kwenye shati lile. Kwenye kiganja cha kulia kuna alama ndogo kama ya msumari. Ishara ya Kristo, ndiyo, lakini Goya hakuitangaza. Ameifunika kwa brashi ya haraka, rangi nzito, damu iliyo ardhini ikiwa kama imepakazwa kwa kitambaa. Kama angeichora kwa usafi wa Holbein ingekuwa picha ya kanisani. Kwa ukali huu wa mkono, mtu yule amebaki mtu, na anaogopa.

Guernica ya Picasso ilipewa mhadhara mzuri pia. Nililolichukua ni weusi, weupe na kijivu chake: mji huo wa Hispania ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, Picasso akiwa Paris alizipata habari magazetini, na picha yake ya upana wa mita karibu 8 imebaki na rangi za karatasi ya gazeti. Kuhusu fahali na farasi mwalimu alitaja tafsiri kadhaa akaziacha wazi. Jaribio, la kushangaza, lilitaka moja.

Sanaa isiyochora umbo la kitu ilibanwa ndani ya dakika 12 mwishoni mwa wiki ya 6, na hilo ni kosa. Mark Rothko, aliyechora mistatili mikubwa ya rangi tupu, alisisitiza kwamba hashughuliki na uhusiano wa rangi, anashughulika na hisia za msingi za binadamu, huzuni, furaha kuu, maangamizi. Mchoraji wa namna hiyo ndiye mtihani halisi wa kozi hii: fuvu hakuna, mbwa hakuna, mtu hakuna, na bado watu wanasimama mbele ya mistatili yake wakalia. Alistahili wiki nzima.

Wiki za mada nilizitarajia ziwe nyepesi, nikakosea. Gustave Courbet alichora mazishi ya kijijini kwao, Ornans, mnamo 1849 na 1850, kwenye turubai ya upana wa zaidi ya mita 6, watu zaidi ya 40 kwa ukubwa wao halisi. Kwa desturi za wakati ule ukubwa huo ulikuwa wa wafalme, watakatifu na vita. Courbet akawapa wanakijiji, na shimo la kaburi akaliweka ukingoni mwa picha, karibu na miguu yako wewe unayetazama. Waliolalamika waliuelewa ujumbe vizuri kabisa: wamepewa nafasi wasioistahili. Kumbe kuchagua nani wa kumchora, na kwa ukubwa gani, ni kauli tayari kabla brashi haijagusa rangi. Na pale mbele, upande wa kulia, kuna mbwa mweupe anayetazama kando. Nilitabasamu, nikaenda kuangalia kijitabu, hayumo.

Kwa anayefikiria kujiunga: jiunge, ukiwa na muda wa saa 3 kwa wiki na intaneti isiyokatika. Kijitabu usikipakue, au kipakue ukisome mwisho kabisa. Majaribio yafanye kama unataka cheti, mimi ningeyaruka. Kila picha itafute kwenye tovuti ya makumbusho inayoimiliki, uiweke pembeni ya video. Na somo la Johannes Vermeer la wiki ya 8 litazame mara mbili, kwa sababu ndilo linalomjibu yule aliyetunga jaribio la mbwa. Ni picha ya msichana anayesoma barua dirishani, iliyopo Dresden, Ujerumani. Kwa vizazi na vizazi ukuta nyuma yake ulikuwa mtupu, na watu wakausifu kwa utulivu wake. Mwaka 1979 eksirei zilionyesha kuna picha ya Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, chini ya rangi. Wakadhani Vermeer mwenyewe ndiye aliyeifuta. Ukarabati ulipoanza mwaka 2017 ikabainika kwamba rangi ile ya juu ilipakwa na mkono mwingine, miongo kadhaa baadaye. Tangu 2021 Kupido yuko hadharani, amekanyaga vinyago vya uso, na barua ile sasa ni ya mapenzi. Msichana hajabadilika hata unywele.

Zoezi la mwisho lilitutaka tukae dakika 40 na picha moja bila kusoma lolote kuihusu. Nilimchagua mtumishi wa Vermeer anayemimina maziwa, picha ya sentimita 45 kwa 41. Dakika 10 za kwanza niliona anachokiona kila mtu: uzi wa maziwa, mkate wenye vitone vya mwanga, aproni ya buluu. Kisha jicho la kazini likaamka. Chini, nyuma yake, kisanduku cha mbao cha kupashia miguu joto, na kwenye vigae vya ukutani Kupido mdogo. Juu, kwenye ukuta mweupe, vitundu vya misumari iliyong'olewa, na msumari mmoja ambao haukung'olewa, wenye kivuli chake chembamba. Nilipomaliza muda wangu nikaruhusiwa kusoma. Watafiti wa Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam inayoimiliki, walitangaza mwaka 2022 kwamba kwenye ukuta uleule Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia magudulia, akaufunika kwa rangi. Aliyafuta magudulia yote, akauacha msumari.